Elimu kwa Umma: Kabla Hujatembea Bonde la Carmel

Bonde la Carmel liko pwani ya kati ya California, nchini Marekani, kusini kidogo ya mji wa Monterey. Mto Carmel unaanzia juu kwenye safu ya milima ya Santa Lucia, unateremka bondeni, kisha unaingia Bahari ya Pasifiki. Milima hiyo imesimama karibu mno na bahari. Upande wake wa kusini kilele cha Cone Peak, chenye urefu wa mita 1,571, kiko kilomita tano hivi tu kutoka ufukweni. Bondeni kwenyewe, miteremko imefunikwa na nyasi na mialoni, na katikati yake zimechongwa njia za miguu ambazo mtu yeyote mwenye viatu imara anaweza kuzitembea.

Msomaji wa Kiswahili anayeishi California, au anayekwenda kumtembelea ndugu huko, akisikia neno msitu huuliza kwanza habari za wanyama wakali. Katika bonde hili swali hilo si la kwanza. Vinavyomdhuru mtembeaji hapa ni vidogo: kichaka kimoja, kupe, na jua la mchana. Bonde nalo hudhuriwa zaidi na mtembeaji mwenyewe, kwa moto anaouacha na tope analobeba kwenye soli. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa kuzingatia pande zote mbili.

Nianzie wapi?

Anzia Garland Ranch. Ni hifadhi ya umma iliyofunguliwa mwaka 1975, yenye zaidi ya hekta 1,400, kando ya barabara ya Carmel Valley, mwendo wa kilomita 14 hivi kutoka Barabara Kuu Namba 1. Hakuna kiingilio. Unaegesha gari, unavuka mto kwa daraja la miguu, na papo hapo uko chini ya miti.

Wenye watoto wadogo au wazee wabaki chini, kwenye uwanda wa mto. Mzunguko wa Lupine ni mfupi, chini ya kilomita tatu, na karibu wote ni tambarare. Wanaotaka kupanda kidogo waelekee Mesa, uwanda wa juu wenye kidimbwi na mandhari ya bonde zima. Mwenye mapafu na muda apande ukingo wa Snivley's, karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Njia yake ni kali na sehemu kubwa haina kivuli, kwa hiyo usiianze saa sita mchana wakati wa kiangazi. Kuna pia korongo la Garzas, lenye ubaridi na miti mirefu ya sekwoya kando ya kijito. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote, na mgeni anayepata siku moja tu asiikose.

Karibu na mdomo wa bonde kuna hifadhi nyingine, Palo Corona. Sehemu yake ya kuingilia ilikuwa uwanja wa gofu. Sasa nyasi za mwitu zinarudi na ndege wamerejea. Kule mbali juu ya bonde linaanza pori la Ventana, ndani ya Msitu wa Taifa wa Los Padres. Hilo ni suala jingine kabisa, na nitalifikia.

Mialoni ninayoiona ni ya aina gani?

Iko mingi, lakini mitatu inatosha kumfungua macho mgeni. Wa kwanza ni mwaloni wa pwani, mti mpana wenye matawi yaliyopinda hadi kukaribia ardhi. Majani yake ni madogo, magumu, yamebinuka kama kijiko kilichofunikwa, na hayapukutiki mwaka mzima. Wa pili ni mwaloni wa bondeni, ambao unaota chini penye udongo mzito na maji karibu. Huu ni miongoni mwa mialoni mikubwa kuliko yote Amerika Kaskazini, huishi mamia ya miaka, na hupukutisha majani majira ya baridi. Wa tatu ni mwaloni wa buluu, unaovumilia ukame kwenye vilima vya ndani.

Utaona pia nyuzi ndefu za rangi ya kijani-kijivu zikining'inia kwenye matawi kama ndevu. Ni kuvumwani. Haziunyonyi mti wala kuuua, na hustawi pale ambapo hewa ni safi na ukungu wa bahari unafika.

Ukikuta mti au nguzo iliyojaa matundu madogo, kila tundu limepachikwa tunda la mwaloni, umefika kwenye ghala la kigogota. Ndege huyu mwenye utosi mwekundu huishi kwa ukoo: wazazi, watoto wakubwa, ndugu, wote wakitunza ghala moja ambalo huweza kuwa na matundu maelfu. Katika sehemu ya juu ya bonde kuna kituo cha utafiti cha Hastings cha Chuo Kikuu cha California, kilichoanzishwa mwaka 1937, na kuanzia mwaka 1968 wanasayansi wamekuwa wakiwafuatilia vigogota hawa kizazi baada ya kizazi. Kituo hicho si cha matembezi. Vigogota wenyewe, hata hivyo, hawana mipaka. Wapo Garland kila asubuhi.

Mashimo ya duara kwenye miamba yamechimbwa na nani?

Ni vinu. Watu wa Rumsen na Esselen wameishi katika bonde hili na milima yake kwa maelfu ya miaka, na chakula chao kikuu kimojawapo kilikuwa tunda la mwaloni. Tunda hilo ni chungu, na ukilila bichi kwa wingi linadhuru tumbo. Kwa hiyo wanawake walilianika, wakalimenya, wakalitwanga kwenye vinu vya mwamba, kisha wakaupitishia unga maji mara nyingi mpaka uchungu ukaisha, kwa subira ileile ya anayeloweka mihogo michungu. Uji ulipikwa ndani ya vikapu vilivyosukwa kwa kubana hadi visivuje, kwa kutumbukiza mawe ya moto.

Watu hawa hawakutoweka. Mwaka 1771 Wahispania walihamishia misheni yao karibu na mdomo wa mto, na maisha ya wenyeji yakavunjwa kwa kazi ya kulazimishwa na maradhi. Lakini vizazi vyao vipo. Mwaka 2020 kabila la Esselen la Wilaya ya Monterey lilirudishiwa hekta zipatazo 485 kando ya mto Little Sur, ardhi ya kwanza kurejea mikononi mwao baada ya karne mbili na nusu. Ukikuta kinu, kitazame. Usikalie, usitie takataka, usichukue jiwe lolote la kumbukumbu. Hapo palikuwa jikoni kwa watu.

Niende mwezi gani?

Machi hadi Mei. Mvua za huko hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na kiangazi huwa hakina mvua karibu kabisa. Ndiyo maana vilima huwa kijani wakati wa baridi na rangi ya dhahabu wakati wa joto. Majira ya kuchipua maji bado yanatiririka, maporomoko madogo ya Garland yana uhai, na maua ya lupine na popi za rangi ya chungwa yametanda. Oktoba na Novemba pia ni miezi mizuri.

Julai na Agosti hudanganya. Asubuhi mjini Carmel utakuta ukungu mzito na baridi inayotaka sweta, maana mkondo wa Pasifiki pwani ile ni wa baridi, si kama maji ya Bagamoyo au Diani. Ukiingia ndani ya bonde kilomita 20 tu, jua linachoma na joto linapita nyuzi 30. Vaa nguo unazoweza kuzivua moja moja. Chukua maji lita mbili au tatu kwa kila mtu, hata kama unaona mto uko karibu. Maji ya mto na vijito yasinywewe bila kuchemshwa au kuchujwa kwa kichujio maalumu, kwa sababu yana vijidudu vya kuharisha.

Kichaka cha majani matatu kinachoogopwa ni kipi?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwa afya yako, na wageni wengi hawaliulizi mpaka ngozi imeshawaka.

Vibao vya hifadhi hukiita Poison Oak. Hakina undugu wowote na mwaloni. Majani yake tu ndiyo yanayofanana nao. Kimo katika ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Msomaji wa Mtwara au Lindi ataelewa upesi: yale mafuta ya ganda la korosho yanayobabua mikono ya wabanguaji yana kemikali zilizo jamaa ya sumu ya kichaka hiki. Watu ambao midomo yao huwasha wakila embe na maganda wawe waangalifu zaidi, kwani huenda ngozi zao zikapokea vibaya pia kichaka hiki.

Kila kikonyo kina majani matatu, la kati likiwa na kishina kirefu kidogo. Majira ya kuchipua yanang'aa kijani, mwishoni mwa kiangazi yanageuka mekundu mazuri ya kuvutia watoto, na wakati wa baridi yanadondoka yote. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa kuwa vijiti vitupu bado vina mafuta yaleyale yenye sumu. Kinaota kama kichaka, kama mtambaa, na mara nyingine kinapanda juu ya mwaloni hadi kileleni. Ni njia chache katika bonde hili zisizokuwa nacho.

Jikinge kwa kukaa katikati ya njia, kuvaa suruali ndefu na mikono mirefu, na kutowaruhusu watoto kukata fimbo au kukimbilia vichakani. Mbwa huruhusiwa Garland, lakini mbwa aliyepita kichakani hubeba mafuta kwenye manyoya na kukupaka bila wewe kujua. Ukihisi umegusa, osha ngozi haraka kwa sabuni na maji mengi ya baridi. Fua nguo zako peke yake na ufute viatu na fimbo, maana mafuta hayo hudumu juu ya kitu kwa miezi. Upele hutokea baada ya siku moja hadi tatu hivi. Maji ya malengelenge hayaambukizi mtu mwingine, na upele hauenei kwa kujikuna. Unaonekana kuenea kwa sababu sehemu zilizopakwa mafuta kidogo huchelewa kuitikia. Ukivimba uso, macho au sehemu za siri, nenda kwa daktari. Na kamwe usichome vijiti vyake, kwani moshi wake ukiingia mapafuni unaweza kumlaza mtu hospitali.

Kupe na nyoka je?

Kupe wapo, hasa kwenye nyasi ndefu kuanzia msimu wa mvua mpaka mwanzo wa kiangazi, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Jikague mwili mzima ukirudi, na watoto wakaguliwe nyuma ya masikio na kwenye makwapa. Kupe akishang'ata, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute wima polepole. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta. Homa au baka linalotanuka siku zinazofuata ni sababu ya kumwona daktari na kumweleza ulikotembea.

Hapa bonde lina msaidizi wa ajabu. Wale mijusi wanaoota jua juu ya uzio na magogo, wenye tumbo la buluu, damu yao ina kitu kinachoua bakteria wa Lyme ndani ya kupe mchanga anayewanyonya. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya ugonjwa huo kuwa mchache California kuliko mashariki mwa Marekani. Waache mijusi waishi.

Nyoka mwenye sumu ni mmoja tu, nyoka wa njuga, ambaye mara nyingi hutikisa mkia kukuonya. Ukimwona au kumsikia, simama, rudi nyuma taratibu, mpishe. Baadhi ya wanaong'atwa ni wale waliojaribu kumshika au kumuua. Akikung'ata, piga 911 na ufike hospitali. Usichanje, usifunge kamba, usinyonye jeraha, wala usitegemee jiwe la nyoka.

Na simba wa milimani?

Simba wa milimani, yaani puma, yupo, na yawezekana sana amekuona bila wewe kumwona. Kushambulia mtu ni nadra mno. Ukikutana naye usikimbie: mkabili, nyanyua mikono uonekane mkubwa, piga kelele, mbebe mtoto bila kuinama sana. Mara nyingi inatosha.

Kwa nini naambiwa nifute tope viatuni?

Kwa sababu mialoni inakufa. Tangu katikati ya miaka ya 1990, ugonjwa unaoitwa kifo cha ghafla cha mialoni umeangamiza mamilioni ya miti California na Oregon, na Wilaya ya Monterey ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Unasababishwa na kiumbe mfano wa ukungu kiitwacho Phytophthora ramorum, jamaa wa karibu wa kile kinachowaletea wakulima wetu wa viazi bakajani chelewa. Kinaishi kwenye majani ya mti wa lorea bila kuuua, kisha mvua inakirusha kwenye shina la mwaloni jirani. Gome linatoa utomvu mweusi, na mti uliosimama miaka mia mbili unakauka. Mwaloni wa pwani huugua. Wa bondeni na wa buluu hausumbuliwi nao.

Kiumbe hicho husafiri kwa tope bichi na majani yaliyolowa. Kufuta soli kwa brashi kabla ya kuondoka, na kutochukua kuni wala matawi kutoka eneo moja kwenda jingine, ni kazi ya dakika mbili. Najua watu huona jambo hili kuwa dogo. Aliyewahi kusimama chini ya mwaloni mkavu wenye majani ya kahawia juu yote hatalidharau tena.

Nikitaka kuwasha moto kidogo tu, nichome nyama?

Hapana. Garland ni ya mchana tu, na moto hauruhusiwi.

Tarehe 22 Julai 2016, moto ulizuka katika hifadhi ya Garrapata, upande wa bahari wa milima hii hii. Wachunguzi walibaini kuwa chanzo kilikuwa moto wa kambi uliowashwa kinyume cha sheria na kuachwa bila kuzimwa. Uliitwa moto wa Soberanes. Uliteketeza zaidi ya hekta 53,000, ukaunguza nyumba 57, ukasababisha kifo cha dereva wa tingatinga aliyekuwa akisaidia kuuzima, na haukudhibitiwa hadi Oktoba. Gharama za kuuzima zilipita dola milioni 200. Miaka minne baadaye, Agosti 2020, moto mwingine ukaingia kwenye makazi ya upande wa juu wa Bonde la Carmel.

Moto wenyewe si mgeni katika nchi hii. Wenyeji wa kale walichoma nyasi kwa mpango na kwa majira, ili kupunguza vichaka na kuisaidia mialoni, mpaka gavana wa Kihispania Arrillaga alipopiga marufuku desturi hiyo mwaka 1793. Mwaloni wa pwani una gome nene na huchipua tena hata baada ya kubabuliwa. Ila miaka mingi ya kukataza moto wa mpango imerundika vichaka vikavu, na kiangazi cha sasa ni kikali zaidi. Cheche moja ya mwezi wa nane haiulizi ulikusudia nini. Sigara ni vilevile, na hata gari lililoegeshwa juu ya nyasi kavu likiwa bado na joto chini linaweza kuwasha.

Mto nao una habari gani?

Nzuri, safari hii. Mwaka 1921 bwawa la San Clemente lenye ukuta wa mita 32 lilijengwa kwenye mto huu. Likajaa mchanga mpaka karibu halikuwa na nafasi ya maji, na likahofiwa kubomoka kwa tetemeko. Badala ya kulitia viraka, liliondolewa mwaka 2015, na ndilo bwawa kubwa kuliko yote kuwahi kubomolewa California hadi wakati huo. Mto ulielekezwa upya ili mchanga ubaki ulipo, na trauti wanaopanda kutoka baharini kuzaa juu milimani wakafunguliwa njia. Samaki hao wako katika orodha ya viumbe walio hatarini, hivyo usiwasumbue wala usijenge vizuizi vya mawe kwa mchezo.

Naweza kulala porini?

Katika pori la Ventana, ndiyo. Lililindwa kisheria mwaka 1969. Halina barabara, na baiskeli na magari havikubaliwi. Hapa mtu anahitaji ramani ya karatasi, uzoefu, na taarifa mpya kutoka ofisi ya Msitu wa Taifa, kwa kuwa mioto na maporomoko ya ardhi hufunga njia kwa miezi au miaka. Hata jiko dogo la gesi linahitaji kibali cha moto, ambacho hutolewa bure, na wakati wa hatari kubwa kila aina ya moto hukatazwa. Asiyewahi kulala porini asianzie Ventana.

Simu itashika?

Sehemu nyingi za makorongo, hapana. Ikishika na kuna dharura, piga 911. Vituo vingi vya dharura Marekani hutumia wakalimani kwa simu. Taja neno Swahili kwa utulivu na usikate. Eleza jina la njia na kibao cha mwisho ulichopita, na ukiona moshi, sema uko upande gani wa mto. Kwa kuwa huenda mtandao usipatikane pale unapouhitaji, kabla ya kutoka nyumbani mwambie mtu mmoja hifadhi unayokwenda, njia utakayopita na saa utakayorudi, na mkubaliane kuwa saa hiyo ikipita bila habari yako, yeye ndiye atakayepiga simu.